Tupande Pamoja, Tushuke Pamoja

Sikukuu ya Kugeuka Sura Bwana, Dominika, 6 Agosti 2023
Masomo: Dan 7:9-10, 13-14, 2 Pet 1:16-19, Mt 17:1-9



Leo Mama Kanisa anaadhimisha Sikukuu ya Kugeuka Sura kwa Bwana wetu Yesu Kristo. Sikukuu hii huja kila mwaka tarehe 6 Agosti, na tarehe hiyo ikiangukia Dominika, liturujia ya Dominika ya kawaida huipisha, kwa kuwa ni sikukuu ya Bwana mwenyewe. Wakristo wa Mashariki waliiadhimisha tangu zamani sana. Kwa Kanisa zima iliamriwa na Papa Kalisti III mwaka 1457. Kwetu sisi tunaoishi kati ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, sikukuu hii hutukuta katika majira ya baridi. Milimani kahawa inachumwa na kuanikwa. Ziwani upepo wa kusini unavuma na wavuvi wanasubiri maji yatulie. Ni majira ambayo mvua haisumbui, na watu hupata nafasi ya kusafiri na kutembeleana.

Nayo Injili ya leo ni habari ya safari. Yesu anawachukua wanafunzi watatu, Petro, Yakobo na Yohane, na kupanda nao mlimani, mbali na makutano. Huko juu sura yake inabadilika mbele ya macho yao; uso wake unatoa mwanga usiotazamika, na nguo zake zinameta. Musa na Eliya wanaonekana wakizungumza naye. Petro, kwa furaha nyingi, anataka kujenga vibanda vitatu ili wasiondoke mahali pale. Mara wingu linawafunika, na sauti ya Baba inawaamuru wamsikilize Mwana. Wanafunzi wanaanguka kwa hofu. Yesu anawakaribia, anawagusa, anawainua. Wakitazama tena hawamwoni mwingine yeyote isipokuwa yeye. Na kisha, jambo ambalo aghalabu tunalisahau, wote wanne wanashuka.

Ndugu zangu, Mwinjili hautaji mlima huo kwa jina. Mapokeo ya Kanisa yanasema ni mlima Tabor, katika nchi ya Galilaya. Mlima huo haufiki meta 600 kutoka usawa wa bahari. Ziwa letu la Nyasa, pale penye maji yenyewe, liko kwenye meta zipatazo 475. Maana yake ni kwamba kilele cha Tabor kimelizidi ziwa letu kwa meta mia moja na kitu tu, na mtu anayenunua chumvi sokoni Mbinga amesimama juu zaidi ya pale aliposimama Petro. Kama urefu wa mlima peke yake ungemtakatifuza mtu, basi Wamatengo wote wangekwisha kuwa watakatifu, na sisi mapadre tungekosa kazi ya kuungamisha katika nchi ile! La hasha. Mlima haumtakatifuzi mtu. Anayemtakatifuza ni yule aliyepanda naye.

Hata hivyo, si bure kwamba Bwana wetu aliipenda milima. Alikulia na kuhubiri katika nchi inayofanana na yetu kwa jambo moja: ilikuwa na ziwa chini na milima juu. Ziwa lake la Galilaya lilikuwa dogo, lenye urefu wa kilometa 21 hivi, wakati la kwetu lina zaidi ya kilometa 550, na kina chake kinapita meta 700. Lakini mambo ya watu wa pande zile tunayafahamu sisi bila kufundishwa. Chini palikuwa na mitumbwi, nyavu, soko la samaki, kelele, wagonjwa na madeni. Juu palikuwa na upepo na ukimya. Yesu alifanya kazi chini, akapanda juu kusali, akashuka tena kufanya kazi. Hakuhamia mlimani, wala hakuzama katika shughuli za ufukoni hata akakosa nafasi ya kupanda.

Wapendwa, zamani kupanda kutoka ziwani hadi Mbinga ilikuwa kazi. Wazee wetu walipandisha samaki wakavu kwa miguu, wakashusha mahindi na maharage. Baadaye yalikuja malori, na wenye umri wetu wanakumbuka jinsi masika yalivyoyanasa kwenye matope, abiria wakashuka kusukuma. Leo kuna barabara ya lami ya kilometa 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Safari iliyoweza kumaliza siku nzima, sasa yaweza kufanyika asubuhi, na jioni mtu akalala nyumbani kwake. Ndiyo maana tunaona desturi mpya ikikua miongoni mwetu. Mtu amejaliwa kupata gari, pengine dogo na kuukuu, lakini ni lake. Basi siku ya mapumziko anaipakia familia yake. Walio juu wanashuka kuona ziwa. Walio chini wanapanda kuona milima.

Je, desturi hii ni njema? Sisi tunasema ni njema, tena ni njema sana. Papa Yohane Paulo II, katika Barua yake ya Kitume Dies Domini ya mwaka 1998, alitufundisha kwamba pumziko la Dominika si uvivu. Limewekwa ili mtu amrudie Muumba wake, awatazame tena wale anaoishi nao, na awakumbuke wahitaji. Mzazi anayetoka alfajiri na kurudi usiku, juma hadi juma, anaweza kuishi na watoto wake nyumba moja na asiwafahamu. Tumewaona vijana wanaoijua sauti ya baba inapogomba tu. Kwa hiyo safari ya siku moja, baada ya Misa Takatifu, yaweza kuwa dawa. Lakini dawa hutegemea inavyotumiwa. Kwa sababu hiyo, leo tuitazame safari ya familia kwa mwanga wa safari ya Bwana. Tuichukue familia moja tu, isiyo na jina, kwa maana yaweza kuwa familia yoyote kati ya zile zinazotusikiliza.

Familia hii inaishi Mbamba Bay. Kuna baba, mama, watoto wawili, bibi mzaa baba, na binti anayesaidia kazi za nyumbani. Gari lao lina viti vitano. Baba ametangaza kwamba Dominika, baada ya Misa ya kwanza, watapanda hadi Litembo, kule Umatengoni. Watoto wanarukaruka kwa furaha. Mama anahesabu mayai ya kuchemsha. Ndipo linapozuka swali la kwanza, nalo ni la viti. Baba, mama na watoto wawili ni wanne. Kiti kimoja kimebaki. Nani akikalie?

Baba alikwisha kumwahidi rafiki yake, mtu wa maongezi na vichekesho. Lakini bibi ni mzaliwa wa Litembo. Aliolewa ziwani akiwa msichana, akazaa huku, akazeeka huku, na ni miaka mingi hajapaona kwao. Baba anasema, "Mama atachoka. Barabara ina kona nyingi, atatapika njia nzima. Tutampeleka siku nyingine." Bibi hasemi neno, anaendelea kuchambua dagaa. Wazee wetu hawaombi mara mbili, na wengine hawaombi hata mara moja. Wenye kusikia ukimya wao ni wachache.

Katika nyumba hii aliyesikia alikuwa mtoto mdogo wa kike. Akasema, "Baba, bibi akae mahali pangu. Mimi nitabaki nyumbani, nitalinda kuku."

Wapendwa, neno la mtoto huyo lilikuwa homilia nzima. Baba akaona haya. Rafiki akaambiwa asubiri safari nyingine, bibi akapewa kiti cha mbele, na mtoto hakubaki. Naye binti wa kazi? Mama akakumbuka kwamba binti yule naye ana mama yake, katika kijiji kisicho mbali. Akampa nauli na siku nzima ya kwenda kwao, na akamfungia samaki wa kupeleka. Hapo, kabla injini haijawashwa, familia ile ilikuwa imekwisha anza kupanda.

Hili ndilo fundisho letu la kwanza: *mlima huanzia mlangoni petu, tunapoamua nani aende na nani aachwe.* Yesu aliwachukua watatu, nao hawakuwa bora kuliko wenzao. Petro tunamjua, alikuja kumkana. Yakobo na Yohane walitafuta vyeo. Aliwachukua kwa kuwa walihitaji kuona, ili siku ya Msalaba wawe na kitu cha kukumbuka. Basi nasi tunapopanga safari, tusiulize nani atatuchekesha, wala nani ataonekana vizuri pembeni ya gari letu. Tuulize nani katika nyumba hii anahitaji kupandishwa. Aghalabu ni yule asiyesema.

Tuendelee na safari. Gari linaanza kupanda, baridi inaingia, watoto wanafunga madirisha. Katika kona za juu wanageuka na kuliona ziwa limelala chini kama nguo iliyotandikwa. Njiani wanakutana na malori ya shehena. Bibi ameshika mfuko wa dagaa mapajani, kwa maana mkono mtupu haulambwi, na wenyeji wa mlimani wanajua thamani ya dagaa wa Nyasa. Hivyo ndivyo Mungu alivyoipanga nchi yetu. Ziwa halina maharage ya kutosha, na mlima hauna samaki. Aliumba upungufu huku na huku, ili watu walazimike kutembeleana.

Wakafika. Kule Litembo, mahali penye kanisa na hospitali iliyowahudumia watu wa nchi ile kwa miaka mingi, mtoto akaona mashamba ya mteremkoni na kushangaa. "Bibi, mbona shamba lote lina mashimo?"

Bibi, ambaye ziwani huonekana mzee asiyejua lolote jipya, ghafla akawa mwalimu. Akawaeleza kuhusu ngolo. Akasema kwamba wahenga wa Kimatengo walibanwa katika milima hii mikali wakati wa vita vya Wangoni, katika karne ya kumi na tisa. Ardhi ilikuwa ndogo, miteremko ilikuwa mikali, na mvua ilikuwa tayari kuukokota udongo wote hadi mtoni. Hawakukata tamaa. Baba hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokingamana, mfano wa mikeka iliyosukwa kwa mapana. Kisha mama huja na jembe, huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani yale, na juu ya matuta hayo hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Katikati hubaki shimo. Mvua inyeshapo, maji hayapati nafasi ya kukimbia. Hutulia shimoni na kuzama taratibu. Majani yaliyofunikwa huoza, na kuoza kwake ndiko kunakoilisha mbegu. "Baba yangu alifyeka," bibi akasema, "mama na mimi tulifunika. Mmoja asipofanya lake, hakuna shamba."

Wataalamu kutoka vyuo vikuu vya ndani na nje wamefika katika milima hii kujifunza elimu hiyo. Lakini mwanawe wa kumzaa, mwenye gari na simu ya kisasa, alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Baadaye bibi akaomba apelekwe makaburini kwa wazazi wake. Wakafika, wakang'oa magugu, wakasali Baba Yetu na Raha ya Milele. Bibi akakaa chini kitambo. Akasema, "Mwanangu, nilikwisha kata tamaa. Nilidhani nitakufa bila kupaona tena hapa." Baba yule akazima simu yake. Hakuna aliyemwagiza.

Hilo ndilo fundisho la pili: *juu ya mlima tunapewa kuwaona wale tuliozoea kuwaangalia tu.* Petro, Yakobo na Yohane walikuwa wamekula na Yesu, wamelala naye katika mtumbwi, wamemwona akitoka jasho. Walimzoea. Mlimani hawakupewa Yesu mwingine. Walimwona yule yule, ila pazia la mazoea liliondolewa, wakautambua utukufu aliokuwa nao siku zote. Vivyo hivyo mke uliyemzoea, mume uliyemzoea, mama mzee anayechambua dagaa barazani, wana utukufu waliopewa na Mungu siku ya ubatizo wao. Hauonekani kwa sababu hatuna nafasi ya kutazama. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano uliita familia kanisa la nyumbani. Katika kanisa hilo yupo Bwana. Mwangaza wake haukosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni macho yaliyopumzika.

Tena tukumbuke sauti iliyotoka winguni. Baba wa mbinguni hakuwaagiza wanafunzi wamtazame Mwanawe tu, aliwaagiza wamsikilize. Petro alikuwa anaongea. Alikuwa na mipango ya ujenzi. Sauti ilimkatiza. Nasi tunaweza kupanda mlima mrefu, tukapiga picha mia, tukazituma kwa jamaa na marafiki, na tukashuka bila kumsikiliza hata mtu mmoja. Simu ni chombo chema, wala hatukilaani. Ila chombo kinachokuwezesha kusema na mtu aliye Dar es Salaam, kisikunyime masikio kwa mtu aliyekaa kiti cha pili.

Ndugu wapendwa, sasa tufike penye neno zito. Jua linapinda, na yapasa kushuka. Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wenyeji ni wakarimu, chungu cha pombe kimeletwa, na mtu anamwambia baba, "Kunywa kidogo, baridi ya huku ni kali, na ninyi wa ziwani hamjaizoea." Wangapi kati yetu tumewazika watu kwa ajili ya kidogo hicho? Sisi mapadre ndio tunaoitwa barabarani na mafuta matakatifu mkononi. Tunafika, tunakuta viatu vya watoto katikati ya njia. Hatusemi haya kuwatisha. Tunasema kwa sababu tumebeba majeneza, na jeneza fupi ni zito kuliko refu.

Anayeshusha gari kutoka Umatengo hadi ziwani anashuka meta mamia kwa mamia. Madereva wazoefu wanajua kanuni: katika mteremko mkali, tumia gia ndogo, ile ambayo ungetumia kuupanda, na uiache injini ilizuie gari. Usikanyage breki mfululizo kilometa baada ya kilometa, maana breki zikipata moto sana hushindwa kushika. Usizime injini wala usiachie gia ili kuokoa mafuta. Watoto wafungwe mikanda. Wasisimame kati ya viti. Mtauliza: Padre, haya ni mahubiri au ni mafunzo ya udereva? Tunajibu: Amri ya Tano inakataza kuua, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inasema wazi kwamba mtu anayehatarisha maisha yake na ya wengine barabarani, kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi, ana hatia nzito. Uaminifu wa Kikristo, mtu akiwa amekaa kwenye usukani, huonekana katika mguu wa kulia.

Baba wa familia yetu akashukuru, akaomba chai. Wenyeji wakacheka kidogo, kisha wakamheshimu.

Basi fundisho la tatu ni hili: *thamani ya kupanda hupimwa kwa namna tunavyoshuka.* Petro alitaka vibanda, kwa maana kibanda humwondolea mtu taabu ya kushuka. Wapo baba wanaokuwa wapole na wacheshi siku ya safari, na kesho yake nyumba inatetemeka. Wapo akina mama wanaotabasamu mbele ya wenyeji, na wakiingia garini maneno makali yanaanza. Hao wameacha wema wao kwenye kibanda mlimani. Yesu hakukubali vibanda. Utukufu ule aliushusha hadi Yerusalemu, mpaka Kalvari.

Tumalizie safari hiyo. Giza linaingia, gari linafika nyumbani. Watoto wamelala, mgongo wa baba unauma, mafuta yamebaki kidogo. Anaona mtu amesimama mlangoni. Ni jirani, tena jirani ambaye hawaelewani vizuri, kwa sababu ya mpaka wa kiwanja. Amembeba mwanawe. Mtoto ana homa kali, mwili umekakamaa na kutikisika kwa degedege. Jirani hana gari, na pikipiki hazifai kwa mtoto wa hali ile. Hasemi maneno mengi. Anasimama tu.

Wapendwa, anayeendelea kusoma Injili ya Mathayo baada ya aya za leo atashangaa. Yesu na wanafunzi watatu wanapofika chini ya mlima, mtu wa kwanza kuwapokea ni baba mwenye mtoto mgonjwa, anayeanguka kwa kifafa mara motoni, mara majini. Baba huyo alikwisha jaribu kwa wanafunzi waliobaki chini, wakashindwa. Yesu hakusema kwamba amechoka na safari. Hakusema leo ni siku ya mapumziko. Aliagiza mtoto aletwe kwake, akamponya. Kwa hiyo mlima na mtoto mgonjwa ni habari moja. Mungu huwaonyesha utukufu wake wale watatu, na papo hapo huwakutanisha na baba anayelia, ili wajue wameonyeshwa kwa ajili ya nani.

Baba wa familia yetu aligeuza gari, akawapeleka jirani na mwanawe kwa tabibu. Mama akawaingiza watoto ndani, akachemsha maji. Bibi akatoa rozari yake. Kuhusu mpaka wa kiwanja, hatujui uliishaje. Ila watu wawili waliokaa pamoja usiku kucha kwenye benchi la hospitali, mtoto akiwa kati yao na Mungu, ni vigumu kurudi kwenye meta moja ya udongo kwa hasira ile ile.

Pengine wengi mnaotusikiliza mnasema: haya ni ya wenye magari; sisi hatuna hata baiskeli. Ndugu, Bwana wetu hakuwa na chombo cha kupandia mlimani. Alipanda kwa miguu, na kwa vyovyote alishika njia waliyopita wachungaji na mbuzi wao. Kila kijiji chetu kina kilima, au mwamba wa ufukoni, au mwembe wenye kivuli nje kidogo ya makazi. Baada ya Misa, chukueni ndizi na maji, mwende pamoja, mkae saa mbili. Mtoto hatakumbuka mlikwenda kwa chombo gani. Atakumbuka kwamba baba alikuwa na nafasi.

Nanyi makatekista wapendwa, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, katika Jumuiya Ndogo Ndogo, waulizeni watu kwa upole: katika nyumba zetu, nani hajatoka nje ya boma kwa muda mrefu? Kama ni mzee au mgonjwa, jumuiya itafute njia ya kumtoa, walau hadi kanisani. Pili, watoto wa Komunyo ya Kwanza na wa Kipaimara wapewe kazi ya kuwahoji bibi na babu zao juu ya kilimo, uvuvi na imani ya zamani, kabla wazee hao hawajaondoka na elimu yao. Tatu, wafundisheni wanaosafiri kuheshimu mahali wanapofikia. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alituita kuitunza dunia kama nyumba yetu sote. Haifai kabisa kupanda kwa watu walioutunza udongo wao kwa vizazi vingi, halafu kuwaachia chupa za plastiki ndani ya ngolo zao.

Wapendwa taifa la Mungu, Bwana anatuita tupande naye. Tupande pamoja na wale wasioomba. Tukifika juu, tunyamaze kidogo ili tuwaone na kuwasikia. Kisha tushuke kwa utaratibu, tukiwa na akili timamu, tukijua kwamba mlangoni pengine yuko mtu amesimama na mtoto mikononi.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyewaonyesha mitume wako utukufu wako juu ya mlima, uzitazame familia zote za Mbinga na za mwambao wa Ziwa Nyasa. Uwape wazazi nafasi ya kuwa na watoto wao. Uwafariji wazee wanaokaa kimya barazani. Uwalinde walio safarini leo katika miteremko yetu na juu ya maji yetu, uwape madereva na manahodha moyo wa hadhari. Uwapokee katika mwanga wako wote tuliowazika milimani na ufukoni. Na jioni tutakaporudi nyumbani, utuwezeshe kukutambua wewe katika yule anayetungoja mlangoni. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie na ikae nanyi daima. Amina.

Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!